Nimeshiba lakini sijala: kwa nini chakula cha ugenini kinatushinda

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu wiki ya tano baada ya kufika Trondheim, Norwei, alikokwenda kusoma. "Shikamoo shangazi," akasema, kisha akanyamaza. Nikamwuliza amekula nini siku hiyo. Akanihesabia: mkate wa ngano isiyokobolewa vipande vinne, jibini, tofaa moja, glasi ya maziwa. Nikamwambia basi umekula vizuri, mwanangu.

"Nimeshiba, shangazi," akajibu, "lakini sijala."

Mtu ambaye hakukulia Pemba wala Unguja angeweza kudhani kijana anadeka. Mimi nilimwelewa palepale. Nilikaa Bergen, nchi hiyohiyo, kuanzia mwaka 2015 hadi 2019, na miezi sita ya mwanzo nilipungua kilo saba huku friji yangu imejaa. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba chakula cha kule hakina ladha. Ndivyo tunavyosema sote, na tukishasema hivyo tunaona tumemaliza. Lakini neno hilo moja limefunika mambo kadhaa yasiyofanana. Kuna la pua, kuna la tumbo, kuna la moyo kukataa, na kuna moja zito kuliko yote ambalo mhamaji hulipata bila kulijua jina. Nitaanza na hilo.

Kwetu mlo una umbo. Katikati pana wali, au ugali, au muhogo, au ndizi mbichi, au shelisheli msimu wake ukifika. Pembeni pana kitoweo: mchuzi wa samaki, kisamvu, choroko, hata kama ni dagaa kidogo tu. Halafu ndimu na pilipili. Lugha yetu ina neno zima, kitoweo, la kile kinachoushusha wali, na anayekosa kitoweo huambiwa anakula wali mtupu, ambalo ni neno la kusikitisha. Kisicho na umbo hilo hakihesabiwi. Mtu anaweza kunywa bakuli la urojo saa 4 asubuhi, akaongeza kachori mbili na mshikaki, na adhuhuri akakwambia kwa dhati kabisa kwamba tangu asubuhi hajala. Hasemi uongo. Amepoza njaa, mlo bado.

Jambo hili halituhusu sisi peke yetu. Miaka ya 1930 mtafiti Mwingereza, Audrey Richards, aliishi na Wabemba katika nchi ambayo leo ni Zambia, akaandika jinsi alivyowaona kwa macho yake watu wakimaliza mahindi ya kuchoma manne au matano, kisha wakaitana kulalamika kwamba wanakufa kwa njaa, siku nzima hawajatia kitu mdomoni. Kwao chakula kilikuwa ugali wa ulezi na mboga yake. Mahindi ya kuchoma hayakuwa chakula.

Na umbo la mlo wetu ni la zamani mno. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla hajashuka Mombasa na Kilwa, aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari na tangawizi mbichi. Miaka karibu 700 imepita, na mtu wa Wete akisoma maelezo hayo anaona sinia la nyumbani kwao. Kitu kilichokaa nasi muda wote huo hakiwezi kung'oka kwa safari moja ya ndege.

Sasa mchukue mtu huyo umpeleke Norwei. Saa 5 asubuhi wenzake wanafungua kikasha chenye vipande vya mkate vilivyopakwa kitu juu. Wao huita matpakke, ndicho chakula chao cha mchana, na huliwa baridi. Chakula cha moto kinakuja saa 10 au 11 jioni. Saa 7 mchana, wakati ambao nyumba nzima kwetu inanukia tui, kule hakuna kitu. Tumbo lina mkate wa kutosha, vipimo vyote vya lishe vimetimia, na bado ndani ya mtu kuna mlango ulio wazi unaongoja kitu kiingie. Hapo ndipo inapotoka ile "nimeshiba lakini sijala".

Niligundua ukubwa wa jambo hili katika Ramadhani ya mwaka 2016, iliyoangukia mwezi Juni. Bergen jua la Juni huzama baada ya saa 5 usiku. Tulikuwa wanafunzi kumi na kitu kwenye chumba kimoja, Wasudani, Wasomali, Wapakistani na mimi peke yangu kutoka visiwani. Hapakuwa na chakula chetu hata kimoja. Palikuwa na tende, supu ya dengu, na wali wa Kipakistani wenye viungo nisivyovizoea, umemwagwa kwenye sinia moja kubwa juu ya mkeka wa plastiki. Tukakaa chini tukala kwa mikono. Usiku ule niliporudi chumbani niliona kwamba, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nimekula. Ladha ilikuwa ngeni kama ladha nyingine zote za mwaka ule. Kilichorudi ni sinia, mikono ya watu, na wali katikati.

Kwa hiyo la kwanza nililomwambia kijana ni hili: usijaribu kula kama Pemba mara tatu kwa siku, utachoka, utafilisika, na utakata tamaa. Shika mlo mmoja wenye umbo, saa ileile, na ukiweza na mtu mwingine. Kwengine kote kula kama wanavyokula wao. Na uangalie vizuri meza yao, kwani nao wana umbo lao. Chakula cha jioni cha Norwei ni viazi vya kuchemsha, samaki, mboga, na mchuzi. Mimi nilikula viazi vile mwaka mzima nikiviona kama kitu cha pembeni, nikingoja chakula kiletwe. Siku nilipotambua kwamba viazi ndio wali wao, nikavirundika katikati ya sahani, samaki nikamfanya kitoweo, nikakamulia ndimu na kukatia pilipili, na mkono ukaenda wenyewe.

Wali wenyewe una kisa chake. Wiki yangu ya pili nilinunua mfuko wa mchele wa bei nafuu kuliko yote, nikapika, ukatoka bonge. Nikadhani moto, nikadhani maji. Kumbe wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele mrefu kama basmati una amilosi nyingi, ndiyo sababu punje zake hubaki mbalimbali. Mchele mfupi una kidogo, nao hunata hata umpe mpishi bora wa Mkoani. Mfuko wangu uliandikwa grøtris, maana yake mchele wa uji. Wao huupika kwa maziwa mpaka uvurugike, wakatia sukari, mdalasini na kidonge cha siagi, na ni chakula cha siku ya Jumamosi. Nilipofundishwa kuupika hivyo nilikula bakuli mbili. Mdalasini ule ulikuwa jamaa wa kwanza niliyemkuta mji mzima.

Na hapo tunaingia kwenye pua.

Chukua karafuu moja kavu. Ziba pua barabara kwa vidole, kisha itafune. Utasikia uchungu na ganzi inayotambaa ulimini. Lakini karafuu huisikii. Achia pua, na mara hiyohiyo kinywa chote kinajaa karafuu. Ulimi una kazi chache tu: utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ule utamu wa supu ya nyama au samaki mkavu ambao mkemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliupa jina la umami mwaka 1908. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu, inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya koo wakati tunatafuna. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel waligundua jamii ya jeni zinazounda vipokezi vya harufu ndani ya pua, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na taarifa zake huingia moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia.

Basi anayesema chakula cha kule hakina ladha anasema kitu cha kweli kwa maneno yasiyo sahihi. Chumvi ipo, utamu upo, hata umami upo tele. Kisichokuwepo ni harufu anazozijua: tui linalochemka, kitunguu na thomu zikiiva kwenye mafuta, bizari, ndimu. Na alizijua mapema kuliko anavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake, huko Philadelphia, waliwapa baadhi ya kina mama wajawazito na wanaonyonyesha maji ya karoti. Watoto wao walipoanza kula uji, waliupokea ule wenye ladha ya karoti vizuri zaidi kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Harufu ya chakula cha mama hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Mtoto wa Pemba anaanza kuonja nazi na karafuu kabla hajaiona Pemba.

Ndiyo maana mfuko mdogo wa viungo una thamani kuliko sanduku la vyakula. Huna haja ya kubeba unga wala mchele; duka la Mpakistani au la Mvietnamu utalikuta karibu kila mji mkubwa wa Ulaya, lina basmati, bamia, ndizi mbichi, hata muhogo uliogandishwa. Beba iliki, karafuu, mdalasini wa magome, bizari ya nyumbani iliyosagwa na mama. Tui la kopo litakusumbua mwanzoni, kwa sababu limeshachemshwa kiwandani na harufu yake imepungua. Halikatiki kirahisi kama tui tulilokuna wenyewe kwa mbuzi, lakini pia halijazi nyumba. Tia iliki na ndimu, nyumba itajaa.

Harufu iliyonitia machozi, hata hivyo, sikuibeba. Niliikuta dukani, mwezi wa nane wa ukaazi wangu, kwenye kona ya samaki. Kilikuwa kipande bapa, kigumu kama ubao, rangi ya pembe, na chumvi imeganda juu yake kama unga. Nikakiinua nikakinusa. Ng'onda. Nilisimama pale kwa muda mrefu, muuzaji akaja kuniuliza kama nahitaji msaada. Wao huita klippfisk: samaki wa bahari yao ya baridi anapasuliwa, anatiwa chumvi, na zamani alianikwa juu ya majabali ya pwani, na klipp katika jina lake ndiyo hayo majabali. Kazi ileile anayofanya mtu wa Tumbe juu ya chanja yake, kwa sababu ileile, ili samaki wa leo aliwe mwezi ujao. Nilimloweka usiku na mchana nikimbadilisha maji, nikamchemsha, nikamchambua, nikampika kwa tui la kopo, bizari, nyanya na ndimu. Kama ungefumba macho ungesema umekaa Msuka.

La tumbo nitalisema kwa ufupi zaidi, ingawa linatisha wengi. Kuvimba, gesi, kufunga choo au kuharisha katika wiki za mwanzo mara nyingi hakutokani na uchafu. Chanzo kimoja ni maziwa. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktasi cha kuvunja sukari ya maziwa, na watu wengi hupoteza nguvu yake wanapokua; takriban theluthi mbili ya watu duniani hawaimeng'enyi sawasawa sukari hiyo. Watu wa kaskazini mwa Ulaya wengi wao wanaimeng'enya hata uzeeni, kama walivyo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, Wamaasai wakiwemo. Wengi wetu tuliokulia juu ya nazi na samaki hatumo katika kundi hilo. Mtindi na jibini gumu lililokomaa vina sukari hiyo kidogo, navyo huvumilika. Kijana wangu aliacha glasi ya maziwa, na ndani ya siku chache tumbo lilinyamaza.

Chanzo kingine ni bakteria wanaoishi ndani ya utumbo, ambao hulishwa na kile tunachokula. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba mtu akibadili chakula ghafla, kundi la bakteria wake hubadilika ndani ya siku chache. Mwaka 2018 watafiti wa Minnesota waliwachunguza wahamiaji wa Kihmong na Kikaren waliotoka Asia ya Kusini Mashariki kwenda Marekani, wakaona mabadiliko yakianza ndani ya miezi tisa ya mwanzo, na yakiendelea kadiri miaka ilivyozidi. Mkate mzito wa nafaka nzima ni mzuri, lakini utumbo usiouzoea unahitaji kuuzoeshwa, kipande kimoja kwanza, na maji ya kutosha, kwani kwenye baridi mtu husahau kunywa. Kuharisha damu, homa isiyoshuka, au uzito unaoendelea kupungua ni mambo ya daktari. Mimi kilo zangu saba nilipaswa kumpelekea daktari mapema, na sikufanya hivyo.

Limebaki la moyo kukataa. Kwa Muislamu linaanza na halali, na hilo si la kulifanyia majaribio wala kulionea haya. Jifunze maneno kabla ya kununua: svin na gris ni nguruwe. Jelatini kwenye peremende na mtindi huenda ikatoka kwenye nguruwe. Alama E471 inaweza kuwa ya mafuta ya mimea au ya mnyama, na kifungashio hakikwambii. Asiyejua haya hula kwa wasiwasi, na chakula kinacholiwa kwa wasiwasi hakipandi kikashuka. Ukijua unachokiepuka, vilivyobaki unavila kwa utulivu, na vilivyobaki ni vingi.

Lakini kuna kukataa kwengine kusikohusiana na dini. Mwezi wangu wa pili nilishikwa na mafua makali, na jioni ileile nikala madonge ya samaki katika mchuzi mweupe wa maziwa na unga. Usiku nikatapika. Homa ndiyo iliyonitapisha, nilijua kwa akili yangu yote, na bado kwa miaka miwili sikuweza kuutazama mchuzi mweupe. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake, huko Marekani, waliwapa panya maji matamu huku wakiwapiga mionzi inayochafua tumbo. Panya wakayakataa maji matamu tangu hapo, ingawa maji hayakuwa na kosa. Mwili umeumbwa hivyo: ukiugua baada ya kula kitu kigeni, lawama inakiendea kile kigeni. Hivyo nilimwonya kijana, siku ya safari, siku ya homa, siku ya huzuni kubwa, usionje kitu kipya unachotaka kukipenda baadaye. Siku hizo kunywa uji.

Siku nyingine zote, onja. Kidogo, tena, na tena. Kwa watoto wadogo imeonekana kwamba chakula kipya huenda kikahitaji kuletwa mara 8, mara 10 au zaidi kabla hakijapokelewa, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Mtu mzima naye hana tofauti kubwa. Anaonja mara moja, anakunja uso, anapiga simu nyumbani kusema hawezi.

Hata wali wetu uliwahi kuwa mgeni. Wachunguzi wa mambo ya kale waliozipembua mbegu zilizoungua za majikoni ya zamani kaskazini mashariki mwa Pemba wamekuta kwamba Tumbe, karne ya 7 hadi ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele. Chwaka, mji uliofuatia jirani yake kuanzia karne ya 11, mchele ukashika nafasi. Baina ya jungu la uwele na jungu la wali kuna vizazi vya watu waliokaa pale pale, wakaonja, wakabadilika. Muhogo, pilipili na nyanya vilikuja nyuma zaidi, kutoka Amerika. Bibi yangu hakuna kitu alichokiita chetu kwa sauti kubwa kama muhogo wa nazi, na nusu ya chungu kile ilivuka bahari mbili.

Likizo ya mwaka wa pili nilirudi Wete na kipande cha jibini la kahawia, brunost. Hulipika kwa kuchemsha maji yanayobaki baada ya kugandisha jibini, pamoja na maziwa na malai, mara nyingi ya mbuzi, mpaka sukari ya maziwa igeuke rangi na kuwa tamu kama iliyoungua kidogo. Mama aligusa kwa ncha ya ulimi akarudisha sahani. "Lina harufu ya beberu," akasema. Sikumlazimisha. Mtoto wa dada yangu akawa analikata kila asubuhi kwa chai, na kila asubuhi mama akawa anaonja kipembe, anatikisa kichwa, anaendelea na mazungumzo. Ilikuwa hivyo kama siku kumi. Halafu asubuhi moja nikamkuta jikoni peke yake, mbele yake sahani ya muhogo wa kuchemsha, na juu ya kila kipande cha muhogo kuna ukanda mwembamba wa kahawia unaoanza kuyeyuka.

Siku ya kuondoka alinifungia ng'onda kwenye gazeti, tabaka tatu, ili isinukie ndani ya ndege.

"Ukija tena lete mawili," akaniambia. "Na uwaambie huliwa na muhogo."